Kadi Mbili za Mama Lusajo

Hadithi hii nilitumiwa na mtu, nami nakutumia wewe. Usiisome ukiwa na haraka. Kama mtu wa nyumbani kwako yuko karibu, msomee kwa sauti, naye asikie.

Huko Rungwe aliishi mkulima mmoja wa chai aliyeitwa Mzee Ambakisye. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Maneno ya nyumba nzima alikuwa nayo mkewe, Tusajigwe. Kijijini walimwita Mama Lusajo, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Hapakuwa na msiba wala harusi iliyopikwa bila yeye kusimama katikati ya masufuria, mwiko mkononi, akiwaamrisha wenzake kama jemadari. Jumapili alikuwa akiongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, na mtu akikosea noti alimkodolea macho mpaka airekebishe.

Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minane.

Mwaka mmoja, mvua zilipoanza, Mama Lusajo akaanza kuumwa tumbo. Kwanza alisema ni maharage. Kisha akasema ni gesi. Alipokonda hata kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili, mumewe alimpeleka hospitali ya misheni. Wakampima, wakaamua kumfanyia upasuaji. Mzee Ambakisye aliambiwa asubiri kwa muda wa saa tatu. Haikupita hata saa moja, akaitwa.

"Kaa, mzee wangu," daktari alisema. "Tumefungua tumbo, tumekuta ni saratani, na imeshashika ini. Hakuna tunachoweza kukata. Tumemshona."

"Atapona lini?"

"Hatapona, mzee. Anaweza kukaa nanyi miezi mitano, sita. Lakini tunaweza kuifanya miezi hiyo isiwe ya mateso."

Mzee Ambakisye alishika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye daraja bovu. Kisha akasema, "Usimwambie. Nakuomba, daktari. Akijua, atakufa kesho."

"Mgonjwa ni yeye. Akiniuliza mwenyewe, sitamdanganya."

"Basi niachie mimi nimwambie."

Daktari alikubali, akampa kadi ndogo ya kijani. Ilikuwa kadi ya Sista Ikupa, muuguzi aliyekuwa akiwatembelea majumbani wagonjwa ambao ugonjwa wao hauna tiba. Yeye ndiye aliyekuwa na mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali.

Sasa, Sista Ikupa alijulikana tarafa nzima kwa pikipiki yake nyekundu. Pikipiki ile ikisimama mlangoni kwa mtu, majirani hawaulizi tena. Wanateremsha sauti wakipita. Mzee Ambakisye aliiona kwa macho ya moyo ikisimama mbele ya nyumba yake. Akaikunja ile kadi, na aliporudi nyumbani kuchukua nguo za mgonjwa, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la harusi, koti ambalo lilikuwa halijavaliwa tangu vifungo vilipogoma.

Mkewe alipoamka vizuri, alimtazama. "Wamesema nini?"

"Vidonda vya tumbo. Wamevisafisha. Uache pilipili."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Mama Lusajo alimtazama muda mrefu. Kisha akageukia ukutani. "Haya. Nitaacha pilipili."

Kuanzia hapo Mzee Ambakisye, yule wa maneno machache, akawa msemaji. Alipiga mluzi akichuma chai. Alisimulia habari za mizani ya chai na za ng'ombe wa jirani. Mwanawe Lusajo alipopiga simu kutoka Dodoma, alijibiwa, "Mama yako anaendelea vizuri, ni vidonda tu." Binti yao Subilaga, aliyeolewa kijiji cha pili, aliambiwa hivyo hivyo. Kila alipokuja alileta juisi ya kabichi, kwa kuwa alisikia inaponya vidonda. Mama yake aliinywa yote bila kukunja uso.

Naye Mama Lusajo akaanzisha mambo mapya. Siku moja alimwita mumewe jikoni.

"Mwanaume wa miaka sitini na minne hajui maharage yanaiva lini. Ni aibu. Kaa hapo ujifunze."

Mzee alicheka, akakaa. Alifundishwa maharage, akafundishwa ndizi, akaonyeshwa mbegu zimewekwa wapi na maziwa yanachukuliwa kwa nani. Aliona ni mzaha wa mgonjwa aliyechoka kulala.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Khanga za mkewe zilianza kutoboka kwenye pindo. Aliona moja imeanikwa, pindo lote vitundu vitundu. Akaona na ya pili.

"Panya wameingia kabatini," alisema.

"Wa mwaka huu wana meno," mkewe alijibu.

Wiki ya kumi baada ya upasuaji, mvua kubwa ilimrudisha Mzee Ambakisye kutoka shambani kabla ya saa sita mchana. Alipofika karibu na jiko aliona mlango uko nusu wazi. Ndani, Mama Lusajo alikuwa amepiga magoti karibu na mafiga, paji la uso limeegemea nguzo. Pindo la khanga lilikuwa kinywani mwake, ameliuma mpaka mishipa ya shingo imesimama. Jasho lilikuwa likimtiririka. Hakutoa sauti hata moja.

Mzee alirudi nyuma hatua kwa hatua, kama mwizi. Akasimama mvuani. Kisha akakohoa kwa nguvu, kama mtu anayefika sasa hivi. Alipoingia, mkewe alikuwa anafuta sahani.

"Umelowa, Baba Lusajo," alisema. "Chai iko tayari."

Mzee aliishika ile chai mpaka ikapoa.

Asubuhi yake alitoa kadi kwenye koti la harusi, akaenda hospitali. Alimkuta Sista Ikupa anapanga chupa kabatini. Alimweleza yote, tangu siku ya upasuaji mpaka khanga. Hakuficha kitu.

"Nipe dawa," alimaliza. "Nitamwambia ni ya vidonda."

Sista Ikupa alifunga kabati. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, na macho yake yalionyesha amekwisha kusikia mengi.

"Baba, dawa hii simpi mtu kwa kumdanganya. Rudi nyumbani. Mwambie mkeo hayo uliyoniambia mimi, vilevile. Halafu unyamaze, umsikilize. Mimi nitakuja mchana."

"Atavunjika."

"Nenda, baba."

Njia ile ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko njia zote alizowahi kupita. Alimkuta Mama Lusajo amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Akakaa mbele yake. Akaweka kadi ya kijani juu ya mkeka.

"Mama Lusajo, si vidonda," alisema. "Ni saratani. Daktari aliniambia siku ileile. Nilikuficha." Kisha akakumbuka neno la sista, akanyamaza.

Mama Lusajo aliitazama ile kadi. Akaweka ungo pembeni. Akanyoosha mkono akachukua kitabu chake cha nyimbo za kwaya, akakifungua katikati, akatoa kadi nyingine ya kijani, akaiweka kando ya ile ya kwanza.

Mzee Ambakisye alitazama kadi mbili. Zilifanana kwa kila kitu, isipokuwa ya kwake ilikuwa na mikunjo.

"Umeipata wapi?"

"Siku niliyokwenda kutolewa nyuzi. Wewe ulikuwa kwenye mizani ya chai. Nilimwuliza daktari, akaniambia. Akanipeleka kwa Sista Ikupa, naye sista akataka kunipa dawa palepale. Nikaikataa."

"Kwa nini?"

"Ungeiona chupa ungejua kwamba najua. Na wewe una presha. Halafu ulikuwa umefurahi sana na vile vidonda vyako, nikaona nikuachie."

Alitaka kucheka, lakini kicheko kikageuka njiani. "Usidhani sikukasirika, Baba Lusajo. Nilikasirika sana. Nilitaka mtu wa kulia naye, na mtu niliyekuwa naye alikuwa anapiga mluzi."

Hapo Mzee Ambakisye aliinamisha kichwa kwenye magoti ya mkewe, akalia kama ambavyo hajawahi kulia. Naye mkewe akalia. Karibu wiki kumi kila mmoja alikuwa amebeba mzigo uleule, ndani ya nyumba moja, na kila mmoja alifikiri anambebea mwenzake.

Mchana pikipiki nyekundu ilisimama mlangoni. Majirani waliiona, wakateremsha sauti. Mama Lusajo alitoka mwenyewe barazani, akawaita, "Njooni mnisalimie! Bado nipo!"

Alipewa dawa, kipimo kidogo. Jioni alilala bila kuuma kitu. Alipoamka aliomba ndizi na samaki, na akazila.

Siku zilizofuata, Sista Ikupa alikuja na swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza Mama Lusajo. "Mama, unataka siku zako zilizobaki ziweje?"

Mzee alishtuka. Kwao, kusema hivyo mbele ya mgonjwa ni kumchulia kifo. Lakini mkewe alikaa vizuri, kama mtu aliyesubiri zamu yake.

"Andikeni," alisema.

Subilaga, ambaye sasa alikuwa ameambiwa ukweli na macho yake yamevimba, alichukua daftari la shule la mwanawe, akaandika.

Mama Lusajo alisema anataka maumivu yapungue kiasi cha kuweza kuongea na wageni. Alisema anataka kufia kitandani kwake, dirisha likiwa wazi, aone migomba. Akishindwa kula, wasimlazimishe. Wamloweshe midomo tu. Wasimpakie kwenye gari kwenda popote. "Nikikata kauli, wa kusema kwa niaba yangu ni baba yenu. Yeye akilegea, ni wewe, Subilaga."

Kisha akaongeza, "Na kwenye msiba wangu asipike Mama Gwakisa. Anaunguza wali."

Sista Ikupa alicheka mpaka akavua miwani.

"Kwaya nayo," Mama Lusajo aliendelea. "Nimeimba kwenye misiba ya watu miaka thelathini. Marehemu hata mmoja hajawahi kuniambia nimeimba vizuri. Mimi waje waniimbie sasa."

Kwaya ikaja Jumapili, baada ya ibada. Waliimba barazani, wengine wakilia. Katikati ya wimbo wa pili, Mama Lusajo aliinua mkono, wakanyamaza.

"Sauti ya tatu mnaburuta," alisema. "Rudieni."

Wakarudia.

Baada ya hapo Mzee Ambakisye hakupiga mluzi tena. Walikaa wawili wakiongea mambo ambayo hawakuwahi kuyaongea: mtoto wao wa pili aliyefariki akiwa mchanga, ugomvi wa mwaka ule wa shamba, mambo ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameyasahau. Siku nyingine hawakuongea kitu, walikaa tu. Lakini mara kwa mara zile wiki kumi zilimrudia mzee moyoni. Siku moja alimwuliza Sista Ikupa, "Yale maumivu niliyomwachia, nitayarudishaje?"

"Hayarudi, baba," sista alisema. "Kilichobaki mkononi mwako ni leo."

Mwezi wa tano tangu upasuaji, Mama Lusajo hakuamka tena kukaa. Kisha akakata kauli. Alikuwa anapumua taratibu, akifumbua macho mara chache, akiloweshwa midomo kwa pamba.

Siku ileile aliyokata kauli, saa nne asubuhi, gari likaingia uani. Lusajo alikuwa ameambiwa habari ya saratani kwenye simu, lakini hakukubali kuisikia. Alikuwa ameendesha kutoka Dodoma na rafiki yake, kiti cha nyuma wamekilaza na kuweka godoro. Aliingia ndani akiacha injini inanguruma.

"Baba, tumbebe. Nimeongea na hospitali kubwa, wanatusubiri."

Mzee Ambakisye alisimama kwenye mlango wa chumba. Mtu asikudanganye kwamba ilikuwa rahisi kwake. Moyo wake wote ulipiga kelele, mbebeni! Gari liko tayari, kijana ana nguvu, nani ajuaye? Alitazama kitandani, akaona uso wa mkewe umetulia, dirisha liko wazi.

"Haendi," alisema.

"Unasemaje?"

"Mama yako alisema asipakiwe kwenye gari. Imeandikwa."

"Alisema akiwa anaumwa! Baba, unamwacha mama afe?"

"Mama yako anakufa, mwanangu." Alimshika mwanawe bega. "Hilo hatukuulizwa mimi wala wewe. Tulichobakiza ni kufuata neno lake au kulivunja. Mimi nilimkosea mara ya kwanza, kwa kumficha. Sitamkosea mara ya pili."

"Mngeniambia mapema!"

"Ni kweli. Kosa hilo ni langu, na nitakuomba radhi mpaka uchoke. Lakini haendi."

Subilaga alimletea kaka yake daftari. Lusajo alilipokea kwa hasira. Akasoma ukurasa wa kwanza, taya zimekaza. Akafunua wa pili. Ukurasa huo Mzee Ambakisye hakuwahi kuuona. Uliandikwa siku moja alipokuwa shambani. Lusajo akaanza kuusoma kwa sauti, kama mtu anayetafuta kosa.

"'Lusajo atakuja na gari. Namjua mwanangu. Msigombane naye. Mwambieni nimelipenda gari lake. Mwambieni azime injini, aingie ndani, anawe mikono, anikate kucha. Mimi nilimkata za kwake mpaka alipokwenda shule, na alikuwa msumbufu. Zangu atazikata bila shida, mimi sitachezacheza.'"

Sauti ilimwishia hapo. Alisimama na daftari mkononi, mwanaume mzima, akitazama maandishi ya dada yake na maneno ya mama yake.

Kisha akatoka. Walimsikia akisema kitu na rafiki yake. Injini ikazimwa, na uani pakawa kimya mpaka wakasikia kuku.

Alirudi mikono imelowa maji. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akauweka mkono wa mama yake juu ya goti lake, akaanza na kidole gumba. Alikata taratibu, kucha moja baada ya nyingine, machozi yakimdondokea kwenye shati. Alipofika mkono wa pili, Mama Lusajo alifumbua macho. Akamtazama. Vidole vyake vilikunjika polepole, vikashika kidole cha mwanawe.

Siku mbili baadaye, jua likiwa limeshapanda juu ya migomba, Mama Lusajo alipumua, kisha hakupumua tena. Mumewe alikuwa ameshika mkono mmoja, Lusajo mwingine, na Subilaga yuko miguuni. Hakuna aliyekuwa barabarani akimtafutia gari, wala aliyekuwa dirishani pa hospitali akingoja majibu. Wote walikuwepo.

Kwenye msiba Mama Gwakisa alipangiwa kuchota maji.

Matanga yalipoanuliwa, watoto walianza kufungasha. Mzee Ambakisye akawaita sebuleni. Alikuwa na daftari jipya mkononi.

"Kaeni chini," alisema.

Lusajo alishtuka. "Baba, unaumwa?"

"Siumwi. Jana nimebeba kikapu cha chai mpaka kwenye mizani."

"Basi mambo haya ya nini? Usijichulie, baba. Tutayaongea siku nyingine."

Mzee alimsogezea kiti. "Mimi na mama yako tulikuwa tunayasogeza mbele hivyohivyo, mpaka khanga zikaisha," alisema. "Kaa, mwanangu. Andika."

Lusajo akakaa.

Funzo: Ukimficha mgonjwa habari ya ugonjwa wake, humwondolei maumivu, unamwachia ayabebe peke yake. Mwulizeni mtu wenu anachotaka angali na kauli, maana akishaikata mtabaki kubishana juu ya mapenzi yake, ilhali yeye angeweza kuwaambia kwa kinywa chake.